Kovu Chini ya Bilauri

Mtu mwenye maarifa ya vyombo vya kale akipewa bilauri aitambue, hashughuliki kwanza na mdomo wake unaometa wala na maua yaliyochorwa tumboni mwake, bali huipindua akaitazama kitakoni, mahali ambapo mnywaji hapaoni na ambapo mwandazi wa meza hakukusudia paonekane. Hapo katikati ya duara hutafuta kovu: alama ya kioo kilichomeguka, yenye makali yanayokwaruza ncha ya kidole, kana kwamba chombo kile kiliwahi kushikamana na kitu kingine kisha kikatengwa nacho kwa pigo moja. Akiliona hufurahi. Furaha yake hiyo ndiyo iliyonitia katika kuandika makala haya, kwa sababu si jambo dogo kwamba katika chombo kilichoundwa kwa ajili ya uzuri na usafi, ithibati ya uhalisi hutafutwa katika ila. Na swali lizaliwalo hapo ni pana kuliko bilauri yenyewe, nalo ni hili: kitu cha kweli, kiwe chombo, habari, ibada au mtu, hujulikana kwa alama gani, na kwa nini mwongo hushindwa kuiiga alama hiyo?

Neno bilauri tumelipokea kwa Waarabu, ambao kwao ni jina la jiwe angavu lichimbwalo ardhini, lililokamilika pasipo mkono wa binadamu. Chombo tunachokiita kwa jina hilo si jiwe hata kidogo. Ni mchanga uliopikwa pamoja na magadi, au majivu ya mimea, na kiasi cha chokaa, ndani ya tanuri kali hata ukawa uji mzito wa moto; na wahenga waliosema ukiona vyaelea jua vimeundwa wangeweza kusema vivyo hivyo juu ya ving'aavyo. Kwa zaidi ya miaka elfu moja watu wa Misri na wa nchi ya mito miwili ya Iraki walifanya vyombo vya kioo kwa kukizungushia kioo cha moto juu ya umbo la udongo, au kwa kukimimina katika kalibu, kazi ya polepole na ya gharama, iliyoviweka vyombo hivyo mikononi mwa wafalme na matajiri. Kisha, katika karne ya 1 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mafundi wa nchi ya Sham, ambao mabaki ya kale ya sanaa yao yamefukuliwa Jerusalem, waligundua kwamba kioo laini kikishikwa kwenye ncha ya bomba na kupulizwa huvimba kama kibofu, na kazi iliyokuwa ya siku nzima ikamalizwa kwa muda mfupi. Havikupita vizazi vingi, Strabo, mwandishi wa Kiyunani wa habari za nchi, akaeleza kwamba mjini Roma kikombe cha kioo kiliweza kununuliwa kwa sarafu ya shaba. Tunu ya wafalme ilishuka hata ikafika mkononi mwa mtu wa chini, na kilichoishusha ni hewa itokayo katika kifua cha fundi.

Yafaa tumtazame fundi huyo akiwa kazini, maana kovu halieleweki pasipo kazi iliyolizaa. Huchovya ncha ya bomba la chuma katika chungu cha kioo kilichoyeyuka, akalizungusha kama azungushavyo mtu kijiti katika asali, akatoa fundo linalowaka kwa wekundu. Hulivingirisha juu ya bamba laini la chuma au marumaru lipate umbo, kisha hupuliza, hungoja, hupuliza tena, wala haachi kulizungusha bomba hata kidogo, kwa kuwa kioo cha moto hutaka kudondoka daima na mzunguko ndio unaokizuia. Tumbo la bilauri likiisha kupatikana, mguu huvutwa kutoka chini yake au huungwa, na kitako hubandikwa mguuni kwa tone jingine. Sasa bilauri ina kila kitu isipokuwa mdomo, kwa sababu mahali pa mdomo pangali pamefungwa na bomba. Msaidizi huleta ufito wa chuma wenye tone dogo la kioo cha moto nchani, akaugandisha katikati ya kitako. Fundi hugusa shingo ya kioo kwa chuma baridi chenye maji, hugonga, bomba huachana na bilauri, nayo hubaki imeshikwa na ufito ule peke yake. Hurudishwa motoni, mdomo ukakatwa kwa mkasi na kulainishwa kwa joto. Hatimaye ufito nao hugongwa, bilauri hutengwa nao, na palipokuwa na kiungo hubaki kovu. Hata hapo haijawa tayari: huwekwa katika tanuri la kupozea ipoe taratibu kwa saa nyingi, kwani kioo kilichopozwa kwa haraka hubeba ugomvi ndani yake, kikaja kupasuka siku nyingine bila ya sababu ionekanayo.

Mwislamu, Mkristo na Myahudi hawawezi kusikia habari ya fundi huyo wasikumbuke habari nyingine. Vitabu vyao vinashuhudia kwamba Adamu aliumbwa kwa udongo, na udongo ule haukuwa mtu hata Muumba alipopuliza ndani yake roho itokayo kwake. Marabi wa Kiyahudi, katika Talmudi, waliitumia kazi ya kioo kwa hoja ya ufufuo: wakasema kwamba ikiwa chombo kilichofanywa kwa pumzi ya mtu wa nyama na damu kikivunjika huweza kurudishwa motoni kikafanywa upya, basi mwanadamu aliyefanywa kwa pumzi ya Mwenyezi Mungu ana haki zaidi ya kuyatarajia marejeo hayo. Naipenda hoja hii kwa kuwa inayatazama mavunjiko kwa jicho la fundi, ambaye kwake kigae ni mali ya kazi ya kesho, ilhali mwenye nyumba huona hasara tu. Nami naongeza jambo dogo. Kovu la bilauri ni mfano wa kitovu cha mtu. Kitovu hakisagi chakula wala hakivuti pumzi. Kazi iliyokibakia ni ushahidi, kwamba mwenye kuwa nacho hakujiumba, kwamba aliwahi kushikwa na mwingine, na kwamba alipotengwa naye ndipo alipoanza kusimama peke yake.

Walakini kovu peke yake halimalizi shauri, na mwenye kutaka kuhukumu kwa haki hana budi kuwasikiliza mashahidi wengi. Nichukue mfano wa bilauri za mvinyo za Uingereza za karne ya 18, ambazo ni miongoni mwa vyombo vya kioo vilivyochunguzwa sana na kughushiwa sana. Mwaka 1674 mfanyabiashara wa London, George Ravenscroft, alipewa hati ya kulinda ugunduzi wake wa kioo angavu. Vyombo vyake vya mwanzo viliugua, vikajaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, hata mchanganyiko uliporekebishwa na risasi ikatiwa kwa kadiri iliyofaa, kioo kikatulia, kikawa kizito, chenye kivuli cha kijivu katika weupe wake na chenye kulia kwa sauti ndefu kikigongwa kwa ukucha. Tokea hapo bilauri za Waingereza zina nasaba yake kama ilivyo ya watu. Mwanzoni mwa karne ya 18 miguu ilikuwa minene yenye mafundo kama nguzo za kuchongwa. Katikati yake ikaja miguu iliyosokotwa nyuzi za hewa kwa ndani, mithili ya kamba ya fedha. Zikafuata nyuzi za kioo cheupe kama maziwa. Na karne ilipokuwa inakwisha, miguu ilikatwa kwa gurudumu pande kwa pande. Kodi ya mwaka 1745, iliyotozwa kwa uzito na kudumu hadi 1845, iliwafundisha mafundi kufanya ubahili wa kioo. Kitako kilikuwa kipana, aghalabu kuliko mdomo, kimeinuka katikati kama kichuguu ili kovu lisiikwaruze meza. Na katika zile za zamani zaidi ukingo wake ulikunjwa kwa chini kama upindo wa kanzu, usimeguke upesi. Baadaye kovu lilisagwa na kusuguliwa, likabaki shimo laini kama alama ya kidole gumba katika unga. Na zilipoingia mashine za kushindilia kioo katika kalibu, huko Marekani katika miaka ya 1820, bilauri nyingi za bei nafuu zikaanza kubeba mstari wa mshono mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana.

Mwanagenzi hupenda kugonga bilauri kwa ukucha na kuhukumu kwa mlio, lakini mlio ni shahidi mwenye maneno mengi: kioo cha jana chenye risasi hulia vizuri kama cha kale. Shahidi aaminikaye zaidi ni uchakavu. Kitako kilichosimama juu ya meza kwa miaka 200, kikasukumwa, kikavutwa, kikaoshwa na kurudishwa kabatini na mikono ya watumishi waliokwisha sahauliwa, hupata mikwaruzo iendayo kila upande, mirefu kwa mifupi, mizito kwa myepesi, nayo hukusanyika mahali panapogusa meza, na mahali pasipogusa haipo.

Nami somo hili nimelilipia ada. Miaka niliyokaa London nilizoea kuzunguka asubuhi katika soko la vitu vya kale, na siku moja muuzaji mmoja, mzee mpole aliyevaa koti lililochoka kama bidhaa zake, alinipa bilauri niishike. Niliipindua kama nilivyofundishwa na vitabu: kovu lipo, kitako kimeinuka, ukingo umekunjwa, kioo kina ule ukijivu, na kilipogongwa kililia hata nikaona haya kuomba punguzo. Nililipa, nikaibeba kifuani kama mtoto. Usiku niliiweka chini ya taa nikaitazama kwa lenzi, na hapo ndipo nilipomwona yule ambaye sikuonana naye sokoni. Mikwaruzo yote ilikwenda upande mmoja. Ilijipanga kama meno ya chanuo, kwa kimo kimoja na kina kimoja, na nyingine ilikuwa imeingia hata ndani ya kile kishimo cha katikati ambapo meza haifiki. Mtu alikuwa amekaa mahali na bilauri mpya, akaisugua kwa msasa, mbele na nyuma, mbele na nyuma, akidhani kwamba anaandika humo miaka 200. Sikuwa na hasira sana kwa fedha zangu. Nilimhurumia yeye kwa kazi yake, maana alikuwa amejitahidi sana, na jitihada yake ndiyo iliyomfichua.

Msomaji mwenye busara ya kawaida atauliza hapa: ikiwa bilauri hiyo ilishika maji barabara, na ikiwa jicho lako lilipendezwa nayo asubuhi, ni kitu gani kilichopungua jioni? Kioo hakikubadilika. Uzuri wake, kama ulikuwapo, ungalipo. Ni swali la haki, na wale wanaolijibu kwa kutaja bei hawajalijibu, kwa sababu bei ni maoni ya watu na watu hubadilika. Jibu langu ni kwamba bilauri ya kiwandani isemayo kwa umbo lake kwamba imetoka kiwandani juzi haina aibu yoyote. Ni chombo kikweli, na maji yake ni matamu. Uongo hauwi katika kioo, huwa katika dai. Chombo cha kale ni shahidi: kinatuambia kwamba palikuwa na mikono, palikuwa na meza, palikuwa na watu walioshibana na kuagana. Anayeghushi hajauza chombo kibaya, ameuza ushahidi wa uongo, na katika sheria zote nizijuazo shahidi wa uongo hapimwi kwa ufasaha wa maneno yake.

Wanazuoni wa hadithi waliujua ugumu huu karne nyingi kabla ya wakusanyaji wa bilauri. Walipotaka kupambanua neno lililotoka kwa Mtume na neno lililotungwa, hawakutosheka na utamu wake wala na manufaa yake; waliuliza isnadi, yaani ni nani aliyelisikia kwa nani, wakachungua maisha ya kila mpokezi, uhifadhi wake na uaminifu wake, na Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, anakumbukwa kwa ukali wake katika mizani hiyo. Tena hawakuishia hapo, kwani walitambua kwamba mlolongo wa wapokezi huweza kuonekana mzima ilhali matini yenyewe ina ila iliyofichika. Jambo hilohilo limo katika bilauri. Baada ya uasi wa mwaka 1745 huko Uingereza, wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart walioshindwa vitani Culloden mwaka 1746, waitwao Jacobite, walinywa kwa siri kumtakia afya mfalme wao aliyekuwa ng'ambo ya bahari, na katika bilauri zao walichora waridi na machipukizi yake. Bilauri hizo zilipopanda thamani, wachoraji wa zama za baadaye walitafuta bilauri tupu za karne ileile, za kweli kabisa, wakazichora waridi jipya. Kioo ni cha kweli, kovu la kweli, uchakavu wa kweli. Neno lililoandikwa juu yake ndilo la uongo. Hapo mchunguzi hana budi kuangalia jambo dogo sana: je, mikwaruzo ya zamani imepita juu ya nakshi, au nakshi ndiyo iliyoikata mikwaruzo? Ni mangapi katika dini zetu yaliyo hivyo, chombo kikongwe cha haki kilichoandikwa juu yake tamaa za watu wa juzi!

Ziko pia nyakati ambapo isnadi ni ya uongo na chombo ni cha kweli, na wala hapakuwa na mwongo. Katika nyumba ya Edenhall, kaskazini ya Uingereza, ukoo wa Musgrave ulihifadhi bilauri moja yenye nakshi za rangi na dhahabu, na mapokeo yao yalisema kwamba viumbe wa ajabu wa usiku waliiacha kando ya kisima wakaonya kwamba siku itakapovunjika bahati ya nyumba itakwisha. Kumbe bilauri ile ilikuwa imesafiri kutoka mbali kwa njia ya kibinadamu kabisa: ni kazi ya mafundi wa Kiislamu wa Sham au Misri, ya yapata karne ya 14, na mtu wa Ulaya katika zama za kati aliitengenezea mkoba wa ngozi wenye alama ya jina la Yesu. Kioo chenyewe kilikuwa kikisema habari zake muda wote, bali hapakuwa na wa kukisikiliza. Lakini tusiwacheke sana wenye nyumba, maana hofu waliyoipata katika ngano ile ndiyo iliyowafanya waitunze vizazi kwa vizazi. Nyumba ya Edenhall ilibomolewa mwaka 1934. Bilauri ingali nzima, imewekwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London.

Kwetu pwani hatuna bilauri ya namna hiyo iliyosalia nzima na ngano yake, lakini tuna kitu ambacho katika mizani ya ushahidi hakipungui. Wachimbuzi wa magofu ya Kilwa na Manda waliokota vigae vya vioo vilivyoletwa na majahazi kutoka nchi za Waislamu wa kaskazini, na vigae vya namna hiyo aghalabu huokotwa jaani, pamoja na mifupa ya samaki na vyungu vilivyopasuka. Mtu aliyevunja kikombe chake Kilwa na kukitupa nyuma ya nyumba hakudhani kwamba atachunguzwa. Hakuwa akijisifu wala akijitetea. Ndiyo maana mwenye kuandika tarikh humwamini mtupaji taka kuliko mwandishi wa sifa za sultani, kwani huyu wa pili alijua kwamba atasomwa.

Hapa ndipo ninapofika kwenye lile ninalotaka kulisema. Alama ya kweli ni ile iliyoachwa na mtu alipokuwa akishughulika na jambo jingine. Fundi alishughulika na mdomo wa bilauri, akaacha kovu kitakoni; mtumishi alishughulika na chakula cha wageni, akaacha mikwaruzo; mtu wa Kilwa alishughulika na kusafisha ua, akaacha tarikh. Anayeghushi hushughulika na alama yenyewe, na kwa kuwa anaitaka, huifanya kwa mpango, na mpango huonekana. Mambo ya dini yana jina kwa ugonjwa huu, nalo ni ria, na dawa yake huitwa ikhlasi. Sote tumewaona wazee ambao sijida imeota katika paji la uso kwa miaka ya kugusa mkeka alfajiri na usiku, na ukiwatazama huoni dalili kwamba wao wenyewe wanajua kuwa wanayo. Tena tumewasikia, na pengine tumewaona, watu waliosugua paji la uso makusudi ili sijida itokee upesi. Ngozi ni ngozi, na weusi ni weusi. Jicho la haraka halitapambanua. Lakini sijida ya yule wa kwanza ni uchakavu, na ya huyu wa pili ni msasa. Injili nayo inawakemea wale wasimamao kusali mahali pa watu wengi ili waonekane, nayo haiwakemei kwa kuwa sala zao zina makosa ya maneno, bali kwa kuwa wamekwisha kupata kile walichokitaka.

Nachelea hapa kueleweka vibaya na wale waliokwisha kupenda ila kwa kuwa ni ila. Wapo wasemao kwamba kitu kikiwa na kasoro basi kina roho, na viwanda vya leo, kwa kuijua tamaa hiyo, hutia vipovu katika kioo makusudi na kupinda midomo ya bilauri ili mnunuzi adhani kwamba pumzi ya mtu imepita humo. Hao wamelisoma somo kinyume. Fundi wa karne ya 18 hakulipenda kovu lake hata siku moja. Alikiinua kitako ili alifiche, na alipopata gurudumu alilisaga. Alitaka bilauri yake iwe kamili, akajitahidi kwa kadiri ya uwezo wake, na kovu ni mahali ambapo uwezo ulikoma na jitihada haikukoma. Ila yenye heshima ni mabaki ya kutafuta ukamilifu. Mtu ajivuniaye madhambi yake kwa kuwa eti yanamfanya kuwa mwanadamu wa kweli anafanana na kiwanda kile cha vipovu. Na mtu atubuye kila siku na kuanguka kila siku, akaona haya kwa kuanguka kwake, huyo ndiye mwenye kovu la bilauri.

Qurani ina kisa cha Malkia wa Sheba, ambaye masimulizi humwita Bilqisi, alipoingizwa katika jumba la Nabii Suleimani. Sakafu ilikuwa ya kioo laini, naye akaidhania kuwa ni maji mengi, akainua nguo yake asilowe, hata alipoambiwa kwamba ni kioo ndipo alipokiri kuwa ameidhulumu nafsi yake, akasilimu kwa Mola wa walimwengu. Wafasiri wameeleza mengi juu ya kisa hicho. Mimi huvutwa na upesi wake tu. Malkia aliyeabudu jua, kitu kinachong'aa, alionyeshwa kwa kitu kingine king'aacho kwamba jicho lake hukosea, naye hakutafuta udhuru. Wengi wetu tukionyeshwa kosa kama hilo tungesema kwamba taa ilikuwa hafifu. Kujua kwamba umedanganyika katika dogo na kuruhusu jambo hilo likufundishe katika kubwa ni elimu, na huenda ndiyo faida kubwa ya kujifunza kutambua vyombo vya kale, ambavyo vinginevyo ni mchezo wa watu wenye nafasi.

Sasa nimalizie habari ya bilauri yangu, kwa kuwa niliiacha mezani chini ya taa. Sikumrudishia muuzaji, kwa maana yamkini naye alidanganywa. Wala sikuivunja, ingawa mkono ulitaka. Niliifanya chombo cha kunywea maji, nikarudi nayo nyumbani imefungwa katika shuka, na tangu wakati huo imekaa jikoni pamoja na vikombe vya bati, ikioshwa na kila aoshaye na kuwekwa popote palipo na nafasi. Wanazuoni wa tasawufi wameonya kwamba mtu asiiache amali njema kwa kuhofu kwamba imeingiliwa na ria, kwani kuacha kwa ajili ya watu nako ni kuwafanyia watu. Aendelee nayo, na aisafishe nia yake huku akiendelea. Nililikumbuka onyo hilo wiki iliyopita, nilipoipindua bilauri baada ya miaka mingi na kuitazama tena kwa lenzi. Meno ya chanuo yangalipo, yote upande mmoja, kama siku ile. Lakini juu yake imepita mikwaruzo mingine, michache, iendayo huku na huku, mirefu kwa mifupi, ambayo hakuna aliyeikusudia. Bilauri haijawa ya karne ya 18, wala haitakuwa. Mikwaruzo hiyo mipya ni yake.